Tatuu ya kwanza: maswali ninayoulizwa chumba cha vidonda

Kazi yangu ni kusafisha vidonda. Wanaokuja kwangu na tatuu hawaji kunionyesha mchoro. Wanakuja mkono umevimba, na wengi ni siku ya 7 au ya 10. Haya ndiyo wanayoniuliza nikiwa nawafungua bandeji. Nakuandikia wewe ambaye bado hujachorwa.

Tatuu ni nini kitabibu?

Ni wino uliodungwa hadi tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2. Tabaka la juu hujibandua na kuota upya kila baada ya wiki chache. La pili halibanduki, ndiyo maana mchoro unabaki. Kwa hiyo umejitia kidonda, tena chenye maelfu ya matundu, hata kiwe kizuri namna gani.

Nitamjuaje mchoraji salama?

Tazama mikono yake kabla ya kutazama michoro yake. Anawe, avae glovu mpya, na akishika simu azivue avae nyingine. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutupwa, asichovye kwenye chupa aliyomchovyea mteja wa jana. Hili la mwisho watu hulisahau: sindano mpya ikishaingia kwenye wino wenye damu ya mtu, upya wake umekwisha. Na wino usizimuliwe kwa maji ya bomba. Yana bakteria ambao tumboni hawana neno, ila chini ya ngozi huleta vipele vya kudumu miezi.

Akifuta sindano kwa spiriti haitoshi?

Haitoshi. Wala kuipitisha kwenye moto wa kiberiti. Sindano ni ya mtu mmoja, ikitoka kwake inatupwa. Vifaa vinavyorudiwa hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121, dakika zisizopungua 15. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vinaambukiza. Chanjo yake ipo, kwa kawaida dozi 3 ndani ya miezi 6, basi chanja kabla ya kuchorwa. Aina ya C haina chanjo, na VVU navyo havina. Ukigundua umechorwa kwa sindano ya mwenzio, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Kuna watu wasiochorwa?

Mjamzito asubiri. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kinga dhaifu aongee na daktari wake kwanza. Kama una kovu lililovimba likazidi ukubwa wa jeraha lenyewe, hasa sikioni, kifuani au begani, fikiri mara mbili: tatuu inaweza kukuachia jingine. Usichore juu ya alama ya kuzaliwa wala baka jeusi, maana likibadilika hatutaliona.

Kuitunza je?

Maji safi, sabuni isiyo na manukato, ukaushe kwa kugusagusa, kisha mafuta kidogo sana. Usibandue magamba. Usiogelee hadi ipone juu, wiki 2 hadi 4.

Kuvimba si kawaida?

Siku 2 au 3 za mwanzo, ndiyo. Inauma, ina joto, inatoa maji mepesi yenye rangi ya wino. Baada ya hapo kila siku iume kidogo kuliko jana. Siku ya 4 haitakiwi kuuma kuliko siku ya 1. Ikiuma zaidi, ondoka nyumbani uende kituo cha afya. Ukiwa na ngozi nyeusi usikae kungoja wekundu, huenda usiuone kabisa. Weka mgongo wa kiganja uhisi joto, tazama kama ngozi imekaza na kung'aa, papasa mitoki ya kwapa au kinena. Usaha, homa au kutetemeka, usingoje hata kulale kuche.

Nikisubiri siku mbili zaidi nione?

Hapana. Hizo siku mbili ndizo zinazogeuza vidonge vya wiki moja kuwa kupasuliwa jipu na kulazwa kwa sindano za mshipani.

Nikimwagia unga wa kapsuli?

Hapana, na nasema kwa heshima zote. Kapsuli ni ya kumezwa. Unga wake unashikana na usaha unakuwa tope gumu, na chini ya tope hilo uchafu unaendelea na shughuli zake. Mimi nitalazimika kulibandua kwanza, na hapo ndipo mtu mzima analia. Dawa ya meno, hapana. Majivu, hapana. Vidonge vilivyobaki vya mwaka jana, hapana.

Lakini mchoraji kasema ni wino unatoka.

Wino hutoka siku 2 au 3 za mwanzo. Wino haunuki. Ukinuka, huyo mchoraji si wa kuulizwa tena. Siku ya 4 inauma kuliko ya 1? Nenda kituo cha afya.

Naona aibu, nyumbani hawajui.

Hili nalisikia kuliko yote, na nadhani ndilo linalowachelewesha wengi. Siri ya mgonjwa haitoki chumbani mwetu. Sitakuuliza kwa nini ulichora, wala jina hilo ni la nani. Nitauliza mambo mawili: ulichorwa lini, na umeipaka nini. Nijibu kweli, hasa hilo la pili.