Wale Watatu wa Kenyatta Avenue Si Mau Mau

Juzi tena. Niko na kundi la walimu, tumefika Kenyatta Avenue, Nairobi, hata sijafungua mdomo, mmoja ananyosha kidole kwenye zile sanamu tatu za shaba: "Hawa ndio Mau Mau wetu." Wenzake wakatoa simu, picha zikapigwa. Kazi ya kutembeza watu mjini nimeifanya miaka mingi, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki. Nimechoka.

Mnara ule ulizinduliwa 1928. Hali ya hatari, ile ya kupambana na Mau Mau waliopigania uhuru msituni, ilitangazwa Oktoba 1952. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alizaliwa 1920, kwa hivyo sanamu zikisimamishwa yeye alikuwa kitoto huko Nyeri. Mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na aliyeusimamisha mnara ni mkoloni mwenyewe. Huyo aliyekuja kumnyonga Kimathi ndiye angewapamba watu wa msituni katikati ya mji?

Wale ni watu wa vita vya 1914-1918: askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), askari Mwarabu, na mpagazi. Mimi huwaomba wageni waanze na mpagazi. Maandishi pale chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanasema wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Si mapambo ya maneno hayo. Mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo, barabara za magari hazikuwepo, basi unga na risasi vikaenda kichwani mwa watu hadi ndani kabisa ya Tanganyika, iliyokuwa ya Wajerumani. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na kuhara damu na malaria viliwaua wengi kuliko risasi. Zunguka mnara mzima, hutaona jina la hata mmoja wao.

Jina lao liko kwingine. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, watu wakakitamka walivyoweza, ikawa Kariokor, mtaa na soko la hapa Nairobi. Wewe uliyebeba kiondo cha Kariokor begani huku ukiniambia hawa ni Mau Mau, hebu soma jiwe kwanza, selfi baadaye.

Najua kosa lilikotokea. Uhuru ulipokuja, sanamu ya Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, iliyokuwa barabara hiyo hiyo iling'olewa, na watu wakaona iliyoachwa lazima iwe yetu.

Wengine husema ni ile ile ya Dar es Salaam. Hapana. Mchongaji ni mmoja, lakini ya Dar ni askari peke yake na bunduki yake, na ilisimamishwa 1927.

Pale KICC, jumba la mikutano la hapa mjini, naambiwa Mzee Kenyatta aliwekewa sanamu baada ya kufa, iwe kumbukumbu. Mzee alifariki Agosti 1978. Ile ya kuketi ni ya 1973, kazi ya James Butler, Mwingereza mwingine. Alikuwa hai, na akiitaka angeweza kutoka ofisini akaitazame.

Na Kimathi je? Yuko mtaa wenye jina lake, hatua chache tu kutoka kwa wale watatu, na bunduki mkononi. Rais Kibaki aliizindua sanamu hiyo tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe gereza la Kamiti. Hajazikwa chini yake, tafadhali. Kaburi lake familia bado inalitafuta.