Je, ni prime (pesa ya zawadi juu ya mshahara) inayofanya wafanyakazi wafundishane kazi?

Katika magaraji na maofisi ya Lubumbashi, wengi wanaamini kwamba fundi hatoi siri ya kazi mpaka patron aweke franga mezani. Imani hiyo haikutoka hewani. Mshahara ukichelewa, ujuzi ndio akiba ya mtu, na anayeugawa anaogopa nafasi yake kupewa mwingine.

Hata hivyo, tafiti za mambo ya kazi zimeonyesha mara nyingi kwamba zawadi ya pesa peke yake ina nguvu ndogo. Pengine hata huharibu: watu huanza kuhesabu walichotoa, na hutoa kile chepesi tu. Kinachosukuma zaidi ni kuaminiana, muda wa kukaa pamoja, na kujua kwamba ukiuliza hutachekwa. (Mshahara wa haki ni jambo jingine, huo hauna mbadala.)

Tena kuna ujuzi usioandikika. Fundi mzee anagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini inayounguruma, mpini anauweka sikioni, ananyamaza kidogo, halafu anasema: "Beringi hii imekwisha." Utaulipiaje ujuzi huo kwa ukurasa? Kijana lazima naye atege sikio, akosee, arudie.

Unataka kuhakikisha? Kumbuka watu watatu waliokufundisha kitu cha maana kazini. Walilipwa kwa hilo, au mlikuwa mnakula bukari (ugali) pamoja saa sita? Kisha angalia kwenu: mgeni akiuliza swali, anajibiwaje wakati mkubwa hayupo?