Adhabu hufuata hofu ya wakati wake

Mwenyeji wa Kilwa Kivinje hatakuacha uondoke bila kukuonyesha mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao. Walimnyonga hadharani makusudi, maana adhabu ile ililenga zaidi waliokuja kutazama. Makosa madogo yalimalizwa kwa kiboko, ile "hamsa ishirini", yaani viboko 25, au kwa mnyororo shingoni na kazi za serikali. Utawala mgeni wenye askari wachache ulitegemea woga.

Kabla ya hapo jamii za huku Kusini mwa Tanzania hazikuwa na magereza. Mtu akiua, ukoo wake ulilipa fidia, na kwa kuwa wengi wetu huku tunafuata upande wa mama, mzigo ulimwangukia mjomba. Lakini tusiipambe zamani. Kuna nyakati fidia yenyewe ilikuwa binadamu, aliyekabidhiwa kwa ukoo uliofiwa.

Wengi hudhani adhabu hulainika kadiri miaka inavyokwenda. Historia yetu haisemi hivyo. Mwaka 1963, taifa changa likihofia rushwa na wizi wa mali ya umma, Bunge liliweka viwango vya chini vya adhabu: miaka 2 jela na viboko 24, nusu mtu akiingia gerezani, nusu akitoka. Mwaka 1972 viboko vilifutwa na miaka ya kifungo ikaongezwa. Mwaka 1989 viboko vikarudi kwa baadhi ya makosa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1983. Wenye umri wao wanakumbuka: madukani hakuna sabuni, hakuna sukari, kanga mpya ni ndoto. Aliyekutwa amezificha aliitwa mhujumu uchumi, akapelekwa kwenye baraza maalumu lisiloruhusu wakili wala rufaa. Watu walitupa bidhaa porini usiku. Mwaka uliofuata sheria ile ikabadilishwa, na biashara ikaanza kufunguliwa. Leo mwenye duka Lindi mjini akijaza stoo sukari, kwa kawaida kinachomsumbua ni sisimizi na kodi. Jina la uhujumu uchumi lipo bado, ila sasa linawaandama zaidi wenye meno ya tembo na watakatishaji fedha.

Hofu ya sasa ni nyingine: watoto wetu. Tangu 1998 mbakaji hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa afungwe miaka 30. Hapa ndipo sheria mpya na desturi ya zamani zinagongana, na tunaona hivyo mara kwa mara tunapotoa elimu ya sheria vijijini. Familia mbili zinakaa, mjomba anapokea fedha, wanasema "tumeshamalizana". Siku ya kesi shahidi haonekani. Binti amepelekwa kwa shangazi wilaya nyingine. Naielewa familia maskini inayoona fedha ya leo ina faida kuliko kifungo cha mtu. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Makubaliano ya nyumbani hayaifuti, na aliyesaidia ndoa ya mwanafunzi naye ana adhabu yake.

Ukali peke yake nao hautoshi. Uvuvi wa mabomu ulikatazwa tangu 1970, na bado pwani yetu, Kilwa hadi Msimbati, milipuko ilisikika kwa miongo mingi. Ilipungua sana vyombo vya dola vilipoanza kufanya doria kwa pamoja. Mvuvi haogopi idadi ya miaka iliyoandikwa, anaogopa kukamatwa.

Upande wa pili wa mabadiliko haujulikani sana huku. Tangu 2002 ipo Sheria ya Huduma za Jamii. Mahakama ikiona kosa linastahili kifungo kisichozidi miaka 3, inaweza kumwacha mtu alale kwake na kutumikia adhabu kwa kufanya kazi ya umma bila malipo: kufyeka eneo la zahanati, kusafisha soko, kuchimba mitaro. Haiwahusu wenye makosa ambayo sheria imeyawekea kiwango ambacho adhabu haiwezi kushuka chini yake. Kabla ya kuamua, mahakama hutaka taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi kuhusu mshtakiwa na makazi yake, hivyo afisa huyo akifika kwenu kumuulizia ndugu yenu, msimfiche wala msimkimbie.