Mafuta Kwenye Ini kwa Vijana Wanene: Usiishie Kwenye Mizani

Huku kwetu Mtwara mtoto akinenepa watu husema ana afya, na korosho zikilipa vizuri sifa hizo huzidi. Wazazi wenye wasiwasi nao wanapomleta kliniki huuliza kilo. Kilo tunazipima, lakini kinachotupa taarifa zaidi ni mahali mafuta yalipokaa.

Mafuta ya chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, hayana madhara makubwa. Yanayotutia shaka ni ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo. Damu ya eneo hilo huingia moja kwa moja kwenye ini, ikiwa imebeba mafuta hayo. Ini likipokea kuliko linavyoweza kuyatumia, huyaweka kwenye chembe zake, na yakizidi asilimia 5 tunasema ini lina mafuta. Hapo insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, huanza kufanya kazi kwa taabu, sukari na mafuta ya damu hupanda, na kwa baadhi ya vijana ini huvimba na kuanza kupata makovu. Ubalehe nao hupunguza nguvu ya insulini kwa muda, hata kwa kijana mwembamba. Wavulana huathirika zaidi, maana mafuta yao hukimbilia tumboni wakati ya wasichana huelekea nyongani. Kwa hiyo vijana wawili wa darasa moja wanaweza kulingana kilo na urefu, mmoja ini lake likawa salama na mwingine likawa limeshajaa.

Nyumbani mnaweza kupima kwa uzi. Kata uzi unaolingana na urefu wa kijana kutoka kisigino hadi utosini, ukunje katikati ubaki nusu, kisha uzungushe tumboni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Asimame wima, apumue nje kama kawaida, asibane tumbo (wavulana hubana, mwangalieni). Ncha zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wake, mleteni. Tazameni na shingo kwa nyuma. Ngozi ikiwa nyeusi, nene, kama ya mahameli, na haitoki hata akisuguliwa kwa dodoki, huo si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imeelemewa. Msimgombeze kwamba haogi.

Msingoje maumivu wala macho ya manjano, kwa kuwa ini lenye mafuta kwa kawaida hukaa kimya. Hospitali tutapima vimeng'enya vya ini (huongezeka kwenye damu ini likiumia) na sukari, na pengine altrasaundi, ingawa altrasaundi huweza kukosa mafuta yakiwa machache. Tutapima pia homa ya ini aina ya B, kwa sababu si kila ini lenye shida limeharibiwa na unene.

Katika chakula, mimi huanza na vinywaji. Mihogo, ming'oko na samaki wa nazi wa Mikindani mara nyingi husingiziwa bure, huku chupa ya soda yenye mililita 350 ikiwa na sukari ya takriban vijiko 9 vya chai. Sehemu kubwa ya sukari hiyo huchakatwa na ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wavulana 40 wenye ini la mafuta, wa miaka 11 hadi 16. Waliopunguziwa sukari karibu yote ya kuongezwa kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Wenzao walioendelea na chakula chao cha kawaida walibaki karibu palepale. Juisi za boksi na vinywaji vya enaji ni ndugu wa soda. Embe au bibo bichi, ale tu.

Mazoezi yawe dakika 60 kwa siku. Mpira wa ufukweni Shangani unatosha kabisa. Bodaboda ya kwenda shule ndiyo inayomnyima kutembea. Zile dawa za mitishamba za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi msimpe. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa ini la mafuta la watoto, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe.

Wala msimshindishe njaa. Kijana anayeendelea kurefuka anaweza kubaki na kilo zilezile na bado tumbo likapungua, kwa hiyo kila baada ya miezi 3 rudieni kipimo kwa uzi mpya, si ule wa zamani.