Je, sala ya kimya si ya Kikristo?

Wakristo wengi huamini kwamba kukaa kimya mbele za Mungu, bila kutamka neno, ni desturi iliyoazimwa kutoka dini za Mashariki, na kwamba akili ikiachwa tupu, pepo huingia. Hofu hiyo inaeleweka, hasa kwa aliyelelewa kwenye maombi ya sauti na makofi.

Lakini fungua 1 Samweli 1:13. Hana anaomba, midomo inacheza, sauti haisikiki, hata kuhani Eli anamdhania amelewa. (Kumbe sala ya kimya ilianza kutoeleweka zamani!) Soma pia Zaburi 62:1, ambapo nafsi inamngoja Mungu kwa kimya. Karne ya 4, wamonaki (watawa) wa majangwa ya Misri walirudia mstari wa Maandiko polepole, tena na tena, huku mikono ikisuka vikapu. Akili yao haikuachwa tupu; ilishikizwa kwenye neno.

Ukifundishwa sala ya namna hii, uliza: kimya hiki kinamwelekea nani? Na badiliko la ndani usilipime kwa msisimko wa dakika 20. Chukua Wagalatia 5:22, orodha ya tunda la Roho kama upendo, amani na uvumilivu, halafu angalia unavyowajibu watu wa nyumbani kwako ukirudi umechoka na njaa inauma.