Ufunguo wa Akiba wa Gari: Yanayosemwa Barazani na Yaliyomo Kwenye Swichi

Vitz, IST, Noah, RAV4, Escudo: gari nyingi tunazoendesha Unguja na Pemba zilianzia Japani, na si chache hushuka bandarini zikiwa na ufunguo mmoja tu. Mwenyewe anafurahi kaipata gari, ufunguo anautundika msumarini karibu na mlango, mwaka unapita, wa pili unapita. Siku ukipotea ndipo baraza zima linapogeuka mafundi. Huyu anasema nenda kachonge Darajani urudi. Yule anasema gari hiyo haiwaki tena mpaka ivushwe Dar. Wa tatu anataka avue kava la usukani aunganishe waya. Kila mmoja ana gari moja aliyowahi kuiona, na anazungumza kama kwamba gari zote ni ile.

"Ufunguo ni chuma, mchongaji yeyote anaweza"

Nusu yake kweli. Mchongaji atakupa chuma kitakachofungua mlango na kuzungusha swichi. Gari yenye imobilaiza, yaani kizuizi cha wizi cha kielektroniki, hairidhiki na hapo. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Unapoutia ufunguo, koili iliyozunguka swichi huipa chipu nguvu kwa mawimbi kutoka umbali wa sentimita chache, nayo inaamka na kujitambulisha. Kompyuta ya gari ikiitambua, inaruhusu mafuta na moto wa plagi. Isipoitambua, stata inapiga lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja na kuzima. Na zipo gari ambazo hata stata haipigi. Kuna watu wamenunua pampu ya mafuta, ya zamani ikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu ya ufunguo uliochongwa bila chipu.

Lakini wanaosema "lazima chipu" nao wanakosea. Ulaya imobilaiza ililazimishwa kwa gari mpya mwaka 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Japani miaka hiyo haikuweka lazima kama hiyo, kwa hivyo Vitz mbili za rangi moja na mwaka mmoja zinaweza kuegeshwa pamoja Michenzani, moja ina chipu na nyengine haina. Zima gari, toa ufunguo, utazame dashibodi: kwa Toyota nyingi, taa nyekundu ndogo inayomwekamweka, mara nyengine yenye alama ya gari na ufunguo, ni dalili kwamba imobilaiza ipo. Tazama pia kibandiko kwenye kioo cha mlango. Ukiwa bado na shaka, chonga chuma kitupu kwanza ukijaribu, maana chuma ndicho rahisi kuliko vyote. Ikiwaka, umeshamaliza kazi.

Kuhusu huo uchongaji wenyewe: mashine ya kawaida hufuata mabonde ya ufunguo ulioupeleka. Ukipeleka uliolika kwa miaka kumi na tano, utarudi na nakala ya uliolika, na huo mpya utaanza kukwama kabla ya wa zamani. Gari zikitoka kiwandani huja na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo. Ukikipata kwenye bahasha ya nyaraka usikitupe, maana kwa namba hiyo fundi anaweza kuchonga ufunguo kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Na ule wenye mfereji uliochorwa ubavuni hauchongwi kwa mashine ya funguo za meno ya pembeni. Muulize fundi kabla hajafunga kitu kwenye jiliwa.

"Gari haiwaki, betri ya rimoti imekufa"

Kwa gari ya kuzungusha ufunguo, hapana. Vitufe ni vya milango tu. Chipu inakaa peke yake na haijui habari za betri. Rimoti nayo husajiliwa kivyake, na kwa Toyota kadhaa za zamani haihitajiki hata mashine: ni kufungua na kufunga mlango na kuchomeka ufunguo kwa mpangilio maalumu. Shida ni pale ndugu aliyeko Uingereza anapotuma rimoti nzuri inayofanana na yako kila kitu. Za soko la Japani ziko kwenye megahezi 312 hadi 315. Nyingi za Ulaya ziko 433.92. Zinafanana kwa macho tu, gari haitaisikia kamwe.

"Bandika chipu chini ya usukani, mambo yaishe"

Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu inafanya kazi. Fundi anaichomoa chipu ya ufunguo wako wa asili, anaifunga kwa utepe mweusi kama hirizi, anaibandika pembeni ya koili ya swichi. Toka hapo kila chuma kitakachozungusha swichi kitawasha gari, na mwenye gari anaondoka anashukuru kwamba kapata ufunguo wa pili kwa bei ya kuchonga.

Alichokipata ni gari isiyo na imobilaiza. Mwizi hahitaji tena chipu, anahitaji chuma au bisibisi. Tena chipu hizo nyengine ni kidude kidogo cha kioo. Fundi akikipasua wakati wa kukichomoa, na ndicho pekee ulichokuwa nacho, umekuwa sawa na mtu aliyepoteza funguo zote. Ukinunua gari kwa mtu, pitisha mkono chini ya kava la usukani au mwambie fundi wako apachungulie. Nyingi zinatembea na hirizi hizo, na mwenyewe wa sasa hana habari.

Iko pia njia ya katikati, ya kunakili chipu. Fundi anaisoma ya asili na kuandika habari zile zile kwenye chipu tupu. Ni halali na haina ubaya, ila ujue kwamba kwa gari hizo ni ufunguo mmoja uliojitokeza mara mbili. Ukipoteza mmoja na ukataka ufutwe, wote wawili wanakufa. Kusajili ni jambo jengine: ufunguo mpya unapewa nafasi yake kwenye kumbukumbu ya gari. Muulize fundi anakufanyia lipi, maana bei hutofautiana na risiti haielezi.

"Nikipoteza ndipo nitatengeneza"

Hapa ndipo pesa zinapokwenda. Kuongeza ufunguo ilhali unao mmoja unaokubalika ni kazi ndogo. Kuna Toyota za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 ambazo husajili chipu mpya kwa kutia ufunguo mkuu na kukanyaga mafuta na breki idadi fulani, bila mashine yoyote. Kwa za baadaye fundi huchomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, na ufunguo unaokubalika ndio unaomfungulia mlango wa mfumo.

Funguo zote zikipotea hakuna wa kumfungulia. Kwa gari nyengine mashine inaweza kuufuta mfumo na kuanza upya baada ya kusubiri dakika kadhaa. Kwa nyengine inabidi dashibodi ivuliwe, kompyuta itolewe, kumbukumbu yake isomwe na kuandikwa tena, na hiyo ni kazi ambayo mkono ukitetemeka unanunua kompyuta. Nissan nyingi hudai namba ya siri ya gari, na kwa kawaida kusajili kwake kunafuta funguo zote za awali, kwa hivyo ukienda nenda na zote ulizonazo. Ukiwachia mmoja nyumbani kwa mama watoto, jioni utakuta hauwashi tena.

Baadhi ya Toyota pia hutofautisha ufunguo mkuu na mdogo. Mdogo unawasha gari vizuri tu, lakini hauna mamlaka ya kuongeza mwengine. Gari ikikujia na mdogo peke yake, kifundi umeshapoteza ule muhimu kabla hujaiendesha. Ndiyo maana swali la ufunguo wa pili aulizwe wakala kabla hujamtumia pesa, si siku unapoikagua gari bandarini Malindi.

Na ile habari ya kuivusha gari Dar? Mashine inaingia kwenye begi. Ikiwa gari iko Wete, Pemba, na fundi yuko mjini Unguja, apande boti yeye. Gari isiyowaka ni mzigo wa kukokota mpaka Mkoani. Jambo moja tu: betri ya gari iwe na nguvu. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki na habari nusu.

Gari za kubonyeza

Hizi, zinazowashwa kwa kitufe badala ya kuzungusha ufunguo, zina uzushi wake. La kwanza, kwamba betri ya ufunguo ikifa umekwama. Ndani ya kasha mna chuma kidogo cha kuchomoa, kinafungua mlango wa dereva. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, bonyeza. Kwa Toyota ndivyo. Nyengine zina mahali pao pa kuuweka. Ufunguo wa akiba wa aina hii ukitengenezwa, hakikisha na hicho chuma cha ndani kimechongwa. Nimeona wengi wanakabidhiwa kikiwa kitupu, na wanakuja kugundua siku betri ya gari imelala na milango imefungwa.

Betri nazo zina vipimo: 2032 maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa 3.2. Muuza duka akikupa 2025 akisema ni sawa, itakuwa nyembamba na italegea.

La pili, kununua ufunguo uliotumika. Wa Toyota ukishasajiliwa kwa gari moja hujifunga, haukubali nyengine mpaka ufunguliwe kwa kifaa maalumu. Kasha lake litakufaa.

La tatu ni la pwani, na wenye gari za kukodisha Nungwi, Paje na Jambiani wanalijua. Mgeni anaogelea nao mfukoni. Ufunguo wa kuzungusha mara nyingi unapona nusu: chipu imezibwa, gari inawaka, vitufe ndivyo vinavyokufa. Wa kubonyeza mambo yake yote yamo kwenye kibao kimoja, na chumvi haisubiri kesho. Toa betri hapo hapo, suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, kausha kivulini. Kuutia kwenye mchele hakuondoi chumvi.

"Umefutwa, basi usalama"

Ufunguo uliopotea ukifutwa kwenye kompyuta, hauwashi gari tena. Mlango bado unaufungua, kwa sababu kitasa hakina kompyuta. Ikiwa unashuku umeibiwa, kitasa nacho kipangwe upya ndani, na hiyo ni kazi ya mchongaji. Mchongaji mzuri au fundi wa mashine atakudai kadi ya gari kwanza. Watu hununa wakihisi wanashukiwa wizi. Mimi asiyeidai ndiye ningemkimbia. Na wale wanaoweka picha ya gari mpya kwenye WhatsApp, Alhamdulillahi, ufunguo umeinuliwa mbele ya kamera: meno yanayoonekana vizuri kwenye picha yanaweza kuchongwa.

Kwa mgeni aliyepanda ndege na ufunguo mfukoni, mwombe autume kwa posta hata kama umeshaufuta. Kwa gari nyingi za chipu unasajiliwa tena kwenye gari ile ile, na unakuwa huo ndio wa akiba.