Ng'ambo si lazima upande ndege

Hapa Kisumu, ukisema umesafiri nje ya nchi, swali la kwanza ni: "Dubai au London?" Ukijibu Kapchorwa, mji wa mashariki mwa Uganda, watu wanacheka. Imani kwamba ng'ambo ni pasipoti, viza na ndege imekaa muda mrefu, lakini si kweli.

Tangu 2014, Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. (Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.) Unapanda matatu hadi Busia, unavuka, unapitia Tororo na Mbale, kisha barabara inapanda Mlima Elgon, mlima uleule wanaouona watu wa Bungoma kila asubuhi, ila sasa uko mgongoni mwake. Huko kuna maporomoko ya Sipi, matatu, kubwa lao likianguka karibu mita 100 kando ya mashamba ya kahawa.

Kinachoshangaza zaidi ni lugha. Wasabiny wa huko na Wasabaoti wa upande wetu wanaelewana, mpaka wa kikoloni ukipita katikati yao. Hilo, kwa maoni yangu, halipatikani kwenye maduka ya Dubai.